Kupanga upya katikati ya jiji: uliza kabla wino wa mchoro haujakauka

Mradi wa kujenga upya katikati ya jiji unaweza kuharibika siku ya mkutano wa kwanza na wananchi, ingawa kosa lenyewe huwa limetendeka wiki kadhaa kabla mkutano haujaitishwa. Mbele ya ukumbi imetundikwa picha ya kompyuta: miti iliyokwisha kukomaa, jua lisilochoma, watu wa kuchora wanaotembea bila mzigo hata mmoja. Msanifu anazungumza dakika 40. Kisha kipaza sauti kimoja kinaanza kupita mkono kwa mkono, na wa kwanza kukipata anauliza swali ambalo kila aliyekaa pale analo: jambo hili limeshaamuliwa, au bado? Jibu la kweli ni kwamba nusu limeamuliwa na nusu bado. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekaa meza kuu ambaye ameruhusiwa kusema nusu ipi ni ipi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kutafuta ukumbi. Ni kukaa na wenye mamlaka ya kusaini na kuandika ukurasa mmoja wenye safu tatu: yaliyofungwa, yenye mipaka, na yaliyo wazi.

Yaliyofungwa ni yale ambayo sheria, mkataba uliosainiwa au ardhi yenyewe imeshayaamua: njia ya bomba kuu la maji taka, jengo lililo kwenye orodha ya urithi, mkopo ambao jiji limeshauchukua kwa ajili ya kituo cha mabasi. Yenye mipaka ni yale yanayoweza kusogea kati ya kiwango cha chini na cha juu, na viwango hivyo vitajwe kwa tarakimu pamoja na sababu. Kwa mfano: majengo ya ghorofa nne hadi nane, kwa kuwa chini ya nne mwenye kiwanja harudishi gharama zake, na juu ya nane bomba la maji taka lililopo litazidiwa. Yaliyo wazi yawe wazi kweli: uwanja utumike kwa nini, mitaa ipi ifungwe kwa magari na saa ngapi, kazi ianzie wapi, nini kisibomolewe hata kama sheria inaruhusu.

Safu ya tatu ikiwa tupu, usiitishe mkutano wa maoni. Toa tangazo, eleza kilichoamuliwa, nani aliamua, na mtu akate rufaa wapi. Watu watakasirika, lakini watakasirikia uamuzi. Ukiwaita kutoa maoni ambayo hayana pa kuingia, watakasirikia kila mkutano utakaoitisha baadaye, hata ule wenye nia njema kabisa.

Wanasiasa hawaupendi ukurasa huu kwa sababu unawafunga, na hiyo ndiyo faida yake. Usikubali kuutumia bila saini. Na saini zenyewe zitoke kwa kila chombo kinachoweza kuja kuufuta mpango, si halmashauri ya jiji peke yake. Christchurch, New Zealand, ni mfano unaouma. Baada ya tetemeko la Februari 2011 kuvunja katikati ya jiji, halmashauri iliendesha kampeni ya wiki sita na kupokea mawazo zaidi ya 106,000. Ilitengeneza rasimu ya mpango kutokana na mawazo hayo na kuipeleka serikalini kabla mwaka haujaisha. Aprili 2012 serikali kuu iliunda kitengo chake yenyewe na kukipa siku 100 kuandaa mpango mwingine, uliotoka Julai. Baadhi ya matakwa ya wananchi yalibaki ndani yake, kama bustani ya kandokando ya mto na majengo yasiyo marefu sana. Lakini uti wa mgongo wa mpango mpya ulikuwa miradi mikubwa iliyochaguliwa na serikali: uwanja wa michezo, kituo cha mikutano, na eneo la kila moja likiwa limeshawekewa mpaka. Kituo cha mikutano kilifunguliwa mwishoni mwa 2021. Ukizungumzia ushirikishwaji mbele ya mtu aliyechangia mawazo yake mwaka ule, usishangae akikukatisha. Halmashauri iliuliza vizuri, tena kwa ustadi mkubwa. Kilichokosekana ni ahadi ya yule aliyekuwa na uwezo wa mwisho.

Wapo watakaokutajia Curitiba, Brazil, kama ushahidi kwamba kuuliza ni kupoteza muda. Mwaka 1972 meya Jaime Lerner aliufunga mtaa mkuu wa biashara kwa magari katika muda wa mwisho wa juma mmoja, wenye maduka wakipinga, na baada ya muda mfupi wenye maduka wenyewe wakaomba eneo hilo liongezwe. Ni kweli. Lakini angalia alichokifanya: mawe ya kutandaza, vyungu vya maua, taa. Angeshindwa, vyote vingeng'olewa. Kina cha mashauriano kinapaswa kulingana na ugumu wa kurudi nyuma. Kufunga mtaa kwa majaribio ya miezi sita kunahitaji taarifa, vipimo na namba ya simu inayopokelewa. Kubomoa jengo, kuuza kiwanja cha umma au kuhamisha soko ni mambo yasiyorudi, na hapo kasi ya Lerner haifai kuigwa.

Hesabu kabla ya kuchora

Mpaka wa eneo la mpango huwekwa kizembe kuliko jambo lingine lolote. Ofisi huchora mstari katikati ya barabara kubwa kwa sababu mstari huo unapendeza kwenye ramani, na matokeo yake upande mmoja wa mtaa unapata sheria mpya na upande wa pili unabaki na za zamani. Pitisha mpaka nyuma ya viwanja, ili pande zote mbili za kila mtaa ziwe ndani. Kipimo kizuri cha kuanzia ni mwendo wa miguu wa dakika tano, yaani mita 400 hivi, kutoka pale watu wanapokutana zaidi. Eneo likizidi dakika kumi ligawe mara mbili, la sivyo watu watakuwa wanajadili mitaa wasiyoitumia.

Kisha hesabu watu. Wanaotembea huhesabiwa dakika 10 za kila saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na idadi huzidishwa kwa sita. Fanya hivyo siku moja ya kazi na siku moja ya mwisho wa juma, na uepuke sikukuu, siku za mvua na siku za mishahara. Vituo vya kuhesabia viwekwe kwenye kila njia kuu ya kuingilia na mbele ya vivutio vikubwa, na kila kimoja kiandikwe kwa usahihi kwenye ramani, maana utarudi hapo hapo baada ya miaka. Mbali na wapita njia, hesabu pia waliosimama na waliokaa: pita eneo lote kila baada ya saa mbili na uweke alama pale mtu alipo na anachofanya. Mtaa wenye wapita njia elfu tatu kwa saa na asiyekaa hata mmoja una ugonjwa tofauti na mtaa usiopitwa na mtu.

Majengo yakaguliwe sakafu kwa sakafu. Orodha ya viwanja peke yake inadanganya, kwa kuwa duka la chini likiwa na mpangaji jengo zima huandikwa kuwa linatumika. Ukipanda ngazi unakuta ghorofa mbili za juu zimejaa vumbi, na sababu hurudiwa jengo baada ya jengo: ngazi ni moja na inapita ndani ya duka, au hakuna njia ya pili ya kutokea moto ukizuka. Hayo si matatizo ya soko. Majengo mawili au matatu yanayopakana yakikubali kujenga ngazi moja ya pamoja uani, sakafu nyingi hupata uhai bila kubomolewa kitu. Siku ya ukaguzi ndiyo siku ya kujua pia nani ni mmiliki, nani ni mpangaji, mkataba unaisha lini, na ni viwanja vingapi viko kwenye mgogoro wa mirathi. Kiwanja cha pembeni kabisa chenye warithi tisa wasioelewana kinaweza kusimamisha mradi mzima kwa muda mrefu kuliko ukosefu wa fedha.

Chini ya ardhi pana siri zake. Ramani za mabomba na nyaya za katikati ya jiji la zamani huonyesha kilichokusudiwa kujengwa, si lazima kilichojengwa. Chimba mashimo ya kupima kwa mkono kwenye makutano ya mitaa na pale unapotaka kupanda miti, kabla ya kumwonyesha mtu mchoro wowote wenye miti. Hakuna kinachovunja imani kama kupigia kura safu ya miti kisha kuambiwa mwaka wa pili kwamba chini kuna waya wa umeme mkubwa.

Maegesho yana hesabu yake. Pita kila nusu saa ukiandika tarakimu za mwisho za namba za magari, utajua nafasi ngapi zimejaa na kila gari hukaa muda gani. Mtaa ukiwa umejaa kufikia asilimia 85 hivi unafanya kazi vizuri, kwa maana dereva bado anapata nafasi moja au mbili. Ukizidi hapo, kabla ya kujenga maegesho mapya angalia ni magari mangapi yanakaa saa nane mfululizo. Mengi yatakuwa ya wenye maduka na wafanyakazi wao. Hawa ndio watakaosimama mkutanoni na kusema wateja wao huja kwa gari, na wanaamini wanachosema. Huko Bristol, Uingereza, wenye maduka walipoulizwa mwaka 2006 walikadiria kwamba asilimia 41 ya wateja wao huja kwa gari. Wateja walipoulizwa, walikuwa asilimia 22. Usimwambie mwenye duka kwamba anakosea. Mpe fomu, awaulize wateja wake mwenyewe kwa wiki moja.

Wasiokuja

Mkutano wa saa kumi na mbili jioni huwaleta wamiliki, wastaafu, vyama vilivyosajiliwa na mtu mmoja mwenye ajenda yake ambaye hakosi mkutano wowote. Hauwaleti wanaofungua maduka kwa niaba ya wengine, wafagiaji, walinzi wa usiku, wachuuzi, wanafunzi, mama mwenye watoto, anayetumia kiti cha magurudumu ambaye ukumbi wenyewe una ngazi sita. Tena hauwaleti wanaopita tu kubadilisha basi, na katika majiji mengi hao ndio wengi kuliko wote.

Dawa si kuongeza matangazo. Wafuate. Meza moja, ramani moja na watu wawili, kwa muda wa saa tatu kituo cha mabasi asubuhi, muda wa saa tatu sokoni mchana, na muda wa saa mbili mahali pa walinzi usiku. Maswali yasizidi matano na yote yaishe ndani ya dakika tatu, kwa sababu basi linakuja. Umekuja na nini? Umefuata nini? Ni wapi hapa unapakwepa? Ni wapi ungekaa kama pangekuwa na pa kukaa? Kitu gani kisiguswe? Hilo la mwisho hutoa majibu ambayo hakuna mtaalamu angeyabuni: bomba la maji, mti mmoja, fundi viatu, ukuta ambao watu huuegemea wakisubiriana.

Andika jinsia na umri wa kukadiria wa kila aliyejibu, kisha linganisha na hesabu ya wapita njia. Kama wanawake ni nusu ya wanaopita lakini robo ya waliojibu, unajua umekosea wapi na wiki ijayo upeleke meza wapi. Bila ulinganisho huo, “tumepokea maoni 4,000” ni majivuno tu. Fomu ya mtandaoni ina nafasi yake, ila itenganishwe na ya mitaani katika hesabu, maana kundi moja la WhatsApp linaweza kuijaza fomu yako kwa usiku mmoja.

Pia tembea nao. Matembezi ya saa moja na nusu na watu wasiozidi 12, akiwemo asiyeona na anayetumia kiti cha magurudumu, yatakufundisha kuhusu vizingiti, mifereji isiyofunikwa na mteremko wa njia kuliko ripoti nzima. Njia ya mteremko ikizidi kupanda mita moja kwa kila mita 12, mwenye kiti cha magurudumu anahitaji kusukumwa. Rudieni matembezi hayo usiku.

Warsha isiyogeuka hotuba

Warsha ya kazi hufanyika mezani. Watu wanane hadi kumi kwa meza, mwezeshaji mmoja, mwandishi mmoja ambaye hachangii, na ramani kubwa ambayo watu wanaruhusiwa kuichafua. Karatasi ya A1 kwa kipimo cha 1:1000 hubeba eneo la mita 841 kwa 594, ambalo kwa kawaida linatosha katikati yote ya jiji dogo. Kwa kujadili uwanja mmoja au mtaa mmoja tumia 1:500. Ukitaka watu waelewe urefu wa majengo leta vipande vya mbao: kwa 1:500, jengo la ghorofa nne lenye urefu wa mita 13 ni kipande cha milimita 26. Mtu aliyeshika kipande hicho mkononi na kukiweka karibu na msikiti au kanisa analolijua hahitaji kufundishwa maana ya kivuli.

Muda ni saa mbili. Maelezo ya ufunguzi yasizidi dakika 15, na yawe ule ukurasa wa safu tatu pamoja na matokeo ya hesabu, bila picha za kompyuta. Mezani dakika 70. Kila meza itoe taarifa kwa dakika tatu, na anayesoma awe mshiriki, si mwezeshaji. Kipaza sauti cha kupitisha ukumbini kisitumike kabisa. Kinawapa sauti wanaopenda kusikika, na baada ya hotuba ya tatu wenye jambo la maana wanaanza kuangalia saa.

Stika za duara za kupigia kura zinapendwa na wawezeshaji, nami sizipendi zikitumiwa peke yake. Wa tano hubandika pale wanne walipobandika, na mwenye cheo akitangulia, wote humfuata. Kama lazima uzitumie, kila mtu aandike kwanza chaguo lake kwenye karatasi yake, halafu wote wabandike kwa pamoja. Tena usiwape watu chaguo tatu ambazo mbili zimechorwa vibaya makusudi ili ya tatu ishinde. Wanaligundua hilo haraka sana.

Njia nyingine ni kambi ya usanifu ya siku nne hadi saba mfululizo, ambapo wasanifu huhamia eneo lenyewe, huchora mchana milango ikiwa wazi, na kuonyesha kazi yao jioni. Kanuni yake ni mizunguko mitatu: unachora, unaonyesha, unarekebishwa, mara tatu kabla ya kufunga kambi. Jioni ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo watu hutazama kama kile walichosema jioni ya kwanza kimehamisha mstari wowote. Kambi isipokuwa na mtu wa mabomba, mtu wa barabara na mtu wa hesabu za majengo ndani yake, itatoa michoro mizuri isiyojengeka.

Na hesabu za majengo ziwekwe mezani, hata kama zinachosha. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 chenye uwiano wa sakafu wa 3, yaani jumla ya sakafu zote ni mara tatu ya kiwanja, kinaruhusu mita za mraba 3,000 za sakafu. Jengo likifunika asilimia 60 ya kiwanja, hizo ni ghorofa tano. Wananchi wakitaka ua mkubwa zaidi na jengo lifunike asilimia 40 tu, ghorofa zinakuwa saba na nusu. Wakitaka tatu tu, sakafu inayobaki ni mita za mraba 1,200, na mtu lazima aulizwe nani atalipa tofauti. Ongeza maegesho ya chini ya ardhi na uone jinsi yanavyomeza hesabu yote. Watu wa kawaida huelewa mambo haya vizuri wakionyeshwa tarakimu, na maamuzi yao huwa ya busara kuliko wanavyodhaniwa. Wanachokataa ni kuambiwa “haiwezekani” bila kuonyeshwa kwa nini.

Waliopo sasa

Hapa ndipo miradi mingi huwa mibaya bila hata kukusudia. Kabla tangazo lolote halijatoka, fanya sensa ya wapangaji na wachuuzi: jina, mahali kwa kipimo, aina ya biashara, amekuwepo tangu lini, analipa nani, anahifadhi mzigo wapi usiku. Siku sensa inapokamilika itangazwe kuwa tarehe ya kikomo: aliyekuwepo anahesabiwa, atakayekuja baadaye hahesabiwi. Habari zikivuja wiki mbili kabla ya sensa, utakuta meza mara mbili ya zile zilizokuwepo, na wenye haki halisi watagawana fidia na wageni. Sensa ifanywe pia usiku na alfajiri. Mahali pamoja panaweza kuwa na wachuuzi watatu kwa zamu tatu.

Kumhamisha mchuuzi mita 200 kutoka njia ya wapita miguu ni sawa na kumfungia biashara, hata ukimjengea kibanda kizuri. Masoko mapya mengi yaliyobaki matupu yalijengwa pale palipokuwa na kiwanja, wala si pale palipokuwa na miguu. Chukua ile hesabu ya wapita njia na uifanye sharti: mahali papya, hata pa muda, pawe na angalau idadi ile ile ya wapitao kwa saa.

Warwick Junction ya Durban, Afrika Kusini, inafaa kusomwa kwa pande zote mbili. Ni makutano ya usafiri yanayopitwa na watu takriban 460,000 kwa siku, na maelfu ya wachuuzi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 jiji lilifungua ofisi yake pale pale, likakaa na wachuuzi kundi kwa kundi, kila kundi kwa mahitaji yake: wauza vichwa vya ng'ombe walihitaji maji na mahali pa moto, wauza mahindi walihitaji pa kuchemshia, na waganga wa mitishamba walipata soko juu ya daraja la barabara kuu ambalo halikuwahi kumaliziwa. Haikuwa kazi ya mikutano mikubwa. Kisha mwaka 2009, Kombe la Dunia likikaribia, jiji hilo hilo likapendekeza jengo kubwa la maduka mahali pa soko la alfajiri lililokuwepo tangu 1910. Wachuuzi na wanasheria wao walipinga hadi mahakamani, na mpango ukafutwa. Maarifa yote ya miaka kumi yalikuwa kwenye majalada ya jiji lenyewe, lakini ofisi iliyoyakusanya haikuwa tena na nguvu ya kuyatetea.

Kwa wapangaji wa maduka hatari huja baadaye, mtaa ukishapendeza. Kodi hupanda mikataba inapokwisha, na wale waliovumilia vumbi la ujenzi ndio wanaoondoka. Kama jiji linampa mwenye jengo msaada wa kukarabati, msaada huo uambatane na mkataba wa kodi wa miaka kadhaa kwa mpangaji aliyepo. Baada ya fedha kutoka, huna tena cha kumbana nacho.

Daftari la majibu

Kila maoni yapewe namba, na kila namba ipate jibu. Jedwali lenye safu tano linatosha: namba, alichosema, alisemea wapi, tumefanya nini, kwa nini. Yanayofanana yaunganishwe, lakini idadi yake itajwe. Jibu la “tumezingatia” lisiruhusiwe. Majibu yawe ya aina tatu tu: “tumebadilisha, na hapa ndipo kwenye mchoro”; “hatukubadilisha, na sababu ni hii”; au “si la mradi huu, tumempelekea fulani tarehe fulani”. Daftari litoke ndani ya wiki nne baada ya warsha, lichapishwe na libandikwe mahali maoni yalipokusanywa, kituo cha mabasi kikiwemo. Ni kazi ya kuchosha, na mtu mmoja lazima aifanye kwa muda wote wa kazi. Miradi mingi humlipa mchoraji wa picha za kompyuta na kukosa fedha za mtu huyu.

Likitoka, utaona jambo: hasira nyingi huisha hata pale jibu ni hapana. Zinazobaki ni za kweli, nazo ndizo za kupelekwa kwa wenye maamuzi.

Majaribio, vumbi, na baada yake

Panapowezekana, jaribu kabla ya kumwaga zege. New York ilifunga sehemu ya Broadway pale Times Square mwaka 2009 kwa rangi, mapipa na viti vya bei nafuu vya bustanini, ikapima, na mwaka uliofuata ikatangaza kuwa ni ya kudumu. Ujenzi wenyewe ukaja baadaye. Jaribio lisilo na vipimo vya kabla ni maonyesho tu. Andikeni mapema ni matokeo gani yatawafanya muendelee na yapi yatawafanya mrudishe magari, na lidumu muda wa kutosha kupita msimu mzuri na mbaya.

Kufunga mtaa kwa magari si dawa ya kila mtaa. Kalamazoo, Marekani, iliujenga mtaa wa kwanza wa aina hiyo nchini humo mwaka 1959, na mwaka 1998 sehemu yake ikarudishiwa magari. Majiji mengi ya Marekani yaliyoiga yalirudi nyuma pia. Copenhagen, Denmark, iliufunga mtaa wa Strøget kwa magari mwaka 1962 kama jaribio, na mtaa huo uko hai hadi leo. Copenhagen ilikuwa na wakazi wanaoishi karibu na wanaofika kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Mitaa mingi ya Marekani ilizungukwa na maegesho na ofisi zinazofungwa jioni. Wakazi wakipungua katikati ya jiji, mawe mazuri ya kutandaza hayatawarudisha.

Wakati wa ujenzi, mkataba na mkandarasi useme mambo machache kwa ukali. Mtaa uchimbwe kwa vipande vya mita 60 hadi 100, na kipande kinachofuata kisifunguliwe kabla kilichotangulia hakijapitika. Kila mlango wa duka uwe na njia ya upana usiopungua mita 1.5, ngumu, isiyo na tope, wakati wote wa biashara. Mabomba, nyaya na mifereji vyote vya chini viishe kwa uchimbaji mmoja, na kila shirika lisaini kwamba halitachimba tena kwa miaka mitano bila kurudisha sakafu kama ilivyokuwa. Agiza mawe ya akiba asilimia chache zaidi na uyahifadhi, kwa sababu kiwanda kikiacha kutengeneza rangi ile, kila kiraka kitaonekana maisha yote. Awepo mtu mmoja wa kupokea malalamiko, na simu yake ibandikwe kwenye uzio.

Bajeti ya matunzo ipitishwe siku moja na bajeti ya ujenzi. Chemchemi za maji hufa kwanza, pampu ikiharibika na hakuna fungu la kununua nyingine. Zinazofuata ni taa za chini ya sakafu, kisha miti michanga iliyokosa maji miaka miwili ya mwanzo. Ukiwa na shaka na bajeti hiyo, ondoa chemchemi, ongeza viti na kivuli.

Mwaka mmoja baada ya kufungua, na tena baada ya mitatu, rudi kwenye vituo vile vile vya kuhesabia, mwezi ule ule, saa zile zile. Hesabu wapitao, waliokaa, sakafu zinazotumika, na waliokuwemo kwenye sensa ya wapangaji na wachuuzi ambao bado wapo. Idadi hiyo ya mwisho ichapishwe juu ya zote.